Barua Dhidi ya Fremu za Esnath

Kijiwe chetu kipo Bagamoyo, hii Bagamoyo ya Tukuyu isiyo na bahari, kwenye baraza la gorofa la Hezron, mkabala na fremu za Esnath. Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali, na aliyekaa katikati hulazimika kuinuka wa mwisho, la sivyo wengine wanaanguka. Mimi jina langu ni Erasto, ila hapa naitwa Gundi, kwa kuwa nashona na kubandika viatu pembeni ya hilo benchi, mwaka wa sita huu. Kulia kwangu anakaa mzee Mudathiri na birika lake la kahawa chungu na sinia la kashata; babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya nguo, nguo zikaisha, kahawa ikabaki. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa nne, ukungu umekaa barabarani kama mwenye nyumba, na Fikirini kinyozi alikuwa anahama.

Hakuhama mbali. Alivuka barabara tu, kutoka gorofa la Hezron kwenda kwa Esnath, hatua kama ishirini na tano za mtu aliyebeba kiti. Alipopita mara ya tatu, amekumbatia kile kioo chake kikubwa, alituambia, "Wazee, naomba miguu hiyo." Tukakunja miguu. Akapita. Hakuna aliyemwambia pole kwa mzigo.

— Mmeona, alisema Hezron. Kinyozi wangu.

— Si wako, Gorofa, Jairo fundi umeme alimjibu. Mpangaji si mke, bwana. Na hata mke siku hizi.

Hezron tunamwita Gorofa kwa sababu ya jengo hilo hilo. Aliuza shamba lake la chai akalisimamisha: fremu tano chini, na juu zege tupu na nondo, zikingoja ghorofa ya pili mwaka wa saba sasa. Mbele aliweka vioo vilivyobandikwa karatasi ya bluu toka chini hadi juu, kama alivyoviona Mbeya mjini. Ukisimama nje ni jengo la kupigia picha. Ukiingia ndani unatafuta swichi. Kioo cha bluu na ukungu wa Tukuyu vikikutana, saa nne ya asubuhi inakuwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo taa zinawaka kutwa na umeme wa luku unakwenda kama maji. Na maji yenyewe yanatuama juu ya zege, yanakaa siku mbili tatu, kisha yanashuka ndani ya ukuta. Fundi cherehani alihama mwaka juzi. Duka la dawa likafuata. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa mwisho mwenye mlango. Mimi bado nipo, lakini mimi niko barazani, mlango sina.

Na niseme langu mapema, nisije nikaonekana mtu mwema. Ile fremu aliyokwenda Fikirini nilikuwa naitaka mimi. Macho yangu yameanza kuchoka na kupitisha uzi kwenye tundu la sindano ni vita kila siku. Nilikuwa naitazama fremu ile tangu mwezi wa kwanza. Sikuuliza, kwa kumwogopa Hezron asije akasema nimemsaliti. Fikirini aliuliza mara moja, akapewa. Kwa hiyo alipopita na kile kioo niliinamia kiatu cha mtu na kukishona pasipochanika.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, alisema mzee Anyelwisye. Na nani anakuwekea nguo shingoni? Kinyozi.

Anyelwisye ni mkulima wa Masukulu. Siku za soko analeta ndizi, akishaziuza anakuja kwetu kunywa vikombe viwili na kutoa methali. Ndiyo maana tunamwita Wahenga. Methali anazijua zote; matumizi yake ndiyo huwa yanampotea.

— Mzee, hiyo haihusiani, alisema Jairo.

— Inahusiana. Subiri utaona.

Hezron aliingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi mbili za daftari zilizokunjwa vizuri na kalamu ya bluu. Akazinyoosha gotini. Nikajua hakuwa amekuja kunywa kahawa tu.

— Leo sisemi sana, alisema. Leo naandika. Barua inakwenda kwa mtendaji wa kata, na nyinyi wote mtaweka sahihi kama mashahidi. Volti, wewe una mwandiko. Shika.

Volti ndiye Jairo, kwa kazi yake ya umeme. Aliipokea kalamu kwa heshima, akaweka kikombe chini, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JENGO LA MAMA ESNATH.

— Haya, sema, Gorofa. Kosa lake la kwanza nini?

Hezron alitazama ng'ambo. Nasi tukatazama.

Fremu za Esnath ni vyumba vinne vya tofali za kuchoma alivyoachiwa na baba yake, vifupi vifupi, na vidirisha ambavyo zamani kuku asingepita. Chumba kimoja anauzia mbegu na majembe mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa ukiingia humo unanusa popo. Siku hizi kuta zimepigwa chokaa nyeupe ndani, madirisha yamepanuliwa, na kila chumba kina bati moja la plastiki la kupitisha mwanga kati ya mabati ya kawaida. Pembezoni mwa paa kuna mifereji, mifereji inakwenda kwenye tangi jeusi, na maji machafu ya kunyolea na kunawia yanatoka nyuma kwenye migomba. Ile migomba ya Esnath imenenepa mpaka Anyelwisye, mtu wa migomba, huwa haitazami moja kwa moja.

— Kosa la kwanza, alisema Hezron, anaiba umeme. Ana taa ndani mchana kutwa na luku yake haiishi. Nani amewahi kumwona Esnath akinunua umeme? Mwezi mzima.

Jairo aliandika "anaiba um—" kisha akasimama.

— Kaka, hapo pa umeme usiniweke. Mimi nilishakwenda kuangalia.

— Ulikwenda lini?

— Juzi kati. Nilijifanya nanunua mbegu za kabichi. Nikaitazama mita, nikaufuata waya mpaka kwenye nguzo. Waya uko fresh, hakuna mchezo. Taa zenyewe ni hizi ndogo za kisasa, na mchana hata haziwaki. Ule mwanga ni wa bati.

— Sasa kama haibi, kwa nini una sura hiyo?

— Sura ipi?

— Hiyo ya mtu aliyekula ndimu.

Jairo aligeuza kalamu vidoleni.

— Kwa sababu kazi ya waya kampa fundi mwingine, alisema. Mimi nipo hapa, natazamana na mlango wake, kaniruka akaenda kumwita fundi wa mtaa wa pili. Na kibaya zaidi huyo fundi kaifanya vizuri. Angekosea hata swichi moja ningelala.

Mzee Mudathiri alimmiminia kikombe kingine bila kuulizwa. Jairo akafuta "anaiba um—" kwa mstari mmoja mrefu.

— Andika hivi, alisema baadaye, sauti imepata nguvu. Andika amekula hela za wafadhili. Huo ndio mchongo wenyewe. Siku hizi kuna miradi ya tabianchi, wazungu wanagawa hela kwa mtu yeyote anayepanda mti na kukinga maji. Mimi nasema hela ilikuja ya mtaa mzima, yeye akajipeleka mbele akasema mtaa ndiyo mimi.

— Hilo lina akili, alisema Hezron. Liandike.

"Kwamba amepokea fedha za mtaa mzima kutoka nchi za nje na kuzipaka chokaa ukutani." Jairo alisoma kwa sauti. Ilisikika vizuri. Nilijikuta natikisa kichwa na mimi, ingawa chokaa ile nilimwona akiipaka kwa mkono wake, khanga kiunoni, ndoo ya rangi ya zamani, Jumamosi tatu mfululizo.

— Wazungu wa nje hawana haja ya kuja, alisema Anyelwisye. Wazungu walishakuja. Mjerumani alikaa hapa Tukuyu. Alipofukuzwa alibeba nini? Hakubeba kitu, alikuwa anakimbia. Mali ikabaki ardhini. Sasa kumbukeni Esnath alipochimba msingi wa kuweka lile tangi. Alichimba siku ngapi?

— Mbili, nilisema.

— Tangi linataka shimo la siku mbili?

— Lilikuwa jukwaa la matofali, mzee, siyo shimo.

— Ndiyo hapo sasa. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mbona yeye hakuingia? Kwa sababu alitoa, hakuingia. Ndaga, ahsante, andika.

Jairo aliandika. Nilimwona Hezron akilegea mabega kidogo, kama mtu aliyepata mto wa kuegemea. Maana kama ni mali ya Mjerumani, basi Esnath hakuwa amemzidi akili. Alikuwa amemzidi bahati tu, na bahati haina aibu.

Ng'ambo, Fikirini alikuwa ameshakitundika kile kioo. Mlango ulikuwa wazi. Tulimwona amerudi nyuma hatua mbili, amejitazama, amejishika kidevu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miaka saba kujiona uso mzima bila kuwasha taa.

— Anajikuta bosi, alisema Jairo.

— Na lile tangi, aliendelea Hezron, mnasema lina maji. Nani kaonja?

— Mimi nanawia pale mikono, alisema mzee Mudathiri. Na ya birika hili nachota pale pale, tangu bomba la hapa kwako lilipoanza kutoa kutu. Nayachemsha.

Sote tulitazama vikombe vyetu. Hezron alikishusha chake polepole, akakiweka kwenye ubao, kisha, kwa vile kilikuwa bado na kahawa, akakiinua tena.

— Ya juu ni maji, alisema Jairo. Ya chini ni zebaki. Zebaki ni nzito, inakaa chini. Mjini huko zebaki kijiko kimoja unajenga. Ndiyo maana tangi ni jeusi, usione ndani.

— Matangi yote ni meusi, nilisema.

— Na wewe Gundi uko upande gani?

Nilivuta uzi. Nilikuwa upande wa wivu, kama wao, ila wivu wangu ulikuwa wa chumba kimoja tu, na chumba hicho kilikuwa na kinyozi ndani.

"Kwamba ndani ya tangi hilo kuna vitu vizito." Ndivyo ilivyoandikwa.

Mvua ikaanza. Mvua ya Tukuyu haitumi salamu. Ilikuja yote kwa pamoja. Tulijisogeza kwenye ukuta. Kutoka juu ya zege la Hezron maji yalimwagika kwenye pembe ileile ya siku zote, yakapiga chini ya ngazi mahali palipokwisha kuwa na shimo la kufika gotini, yakakatiza barabara kwa rangi ya udongo. Kutoka kwa Esnath hayakumwagika. Yaliingia mferejini na kupotea, tukawa tunasikia tangi likijaa.

Mzee Anyelwisye alisogeza kofia.

— Hapo ndipo ninaposhikwa na hofu, alisema, na safari hii hakuwa anatania. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sasa yule mama anayazoaje?

Jairo akaliandika kama lilivyo.

— Mimi nimewahi kuingia kule wakati wa mvua, Anyelwisye aliendelea. Nilikwenda kuuliza bei ya mbolea. Kwangu mimi mvua ikinyesha, bati linapiga kelele mpaka mimi na mke wangu tunaongea kwa vidole. Kule kwa Esnath kimya. Na joto. Nje ukungu, mtu unatetemeka, ndani joto la kuvua koti, na moto hakuna. Nikatazama juu. Kuna dari ya mikeka ya mianzi, imeachwa wazi pale chini ya bati la mwanga tu. Na mianzi yenyewe naijua, imetoka kwa jirani yangu, kauza mianzi ambayo miaka yote ilikuwa inatuziba njia tu. Mimi yangu ipo, mingi kuliko yake. Hakuniuliza. Sasa juu ya ile mikeka, mwajua kuna nini?

— Nini?

— Viroba. Vimepangwa dari nzima. Nikamuuliza yule jirani, akasema viroba vilikuja na gari kutoka Kyela.

Alinywa kahawa, akatuacha tungoje.

— Kyela kuna nini? Kuna joto. Usiku mtu wa Kyela analala nje ya shuka. Esnath amenunua joto la Kyela, akalipakia kwenye viroba, akalileta Tukuyu. Na mkitaka ushahidi, ulizeni watu wa Kyela. Mwaka huu wanalalamika baridi.

Mahali pengine tungecheka. Hezron hakucheka. Alikuwa anatazama ile mvua inayoingia mferejini, mdomo wazi kidogo.

— Andika, alisema. Andika ameiba joto la wilaya nyingine.

Jairo aliandika.

Mzee Mudathiri si mtu wa kuingilia. Anauza kahawa kwa watu wa kila chama na kila timu, na mtu wa namna hiyo hujifunza kukausha, kama hakusikia. Lakini ile ya joto la Kyela ilimzidi. Alifunika birika.

— Ni maganda ya mpunga, alisema. Ndani ya viroba. Kyela wanayatupa, wanakushukuru ukiyachukua. Yanazuia kelele na yanazuia baridi. Alisema mwenyewe.

— Alikuambia wewe lini? aliuliza Hezron.

— Alituambia wote. Hapa hapa. Wewe ulikuwa umekaa hapo ulipo.

Mvua ilipiga. Hezron alikunja uso, kama anayetafuta jina.

— Kiangazi cha mwaka juzi, mzee Mudathiri alisema. Alikuja akanywa kikombe kimoja, nakumbuka kwa sababu wanawake hawaketi sana kwenye benchi hili. Alikugeukia wewe, akasema, "Baba Tulia, nilipokuwa namuuguza mama hospitali ya Igogwe nilikaa wiki tatu sina kazi ila kutazama mwanga unakoingilia na joto linakotokea. Nataka kuzitengeneza fremu za marehemu baba kidogo kidogo, naanza na chokaa kwa kuwa ndiyo rahisi. Lakini maji yako na maji yangu yote yanatuchimbia barabara. Ukiweka mfereji kwenye zege lako na mimi kwenye bati langu, tukaweka matangi, wapangaji wetu wote hawatabeba ndoo." Akataja na hayo maganda. Akasema na vioo vyako pia, ukibandua ile karatasi ya bluu kwenye madirisha ya pembeni tu, utapata mwanga bure. Wewe ukamjibu nini?

Hezron aligeuza kikombe chake gotini.

Mimi nilikuwa nakumbuka. Alimjibu: "Mama, mimi natazama juu. Kukinga mvua ni kazi ya bibi kizee na sufuria." Tukacheka. Jairo alipiga ubao kwa kiganja. Anyelwisye alitoa methali ya sufuria na mfuniko. Mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano kidoleni. Esnath alingoja tumalize, akarudisha kikombe kwa mzee Mudathiri kwa mikono miwili, akasema asante, akavuka barabara. Wiki iliyofuata ndiyo alianza na ile ndoo ya chokaa.

— Sikumbuki, alisema Hezron.

— Sawa, alisema mzee Mudathiri, akafunua birika.

Jairo alichora mstari pembeni ya karatasi, akauchora tena juu yake.

— Hata kama, alisema hatimaye Hezron. Hata kama alisema. Kusema ni kusema. Mtu akikuambia jambo wakati hana kitu, utamjuaje? Mimi nilikuwa na jengo. Yeye alikuwa na popo. Sasa kila mtu akishuka kwenye basi anaulizia wapi kwa Esnath. Jana mke wangu kaniambia, mbona usiende ukamwone mama Esnath akuelekeze. Mke wangu. Ndani ya nyumba yangu. Andika, Volti. Andika anavuruga ndoa za watu.

Jairo aliandika, ila taratibu, na herufi zimekuwa ndogo.

Hapo ndipo alipokuja yule dada. Alikuwa na mwavuli, begi la kompyuta amelivaa kifuani lisilowe, na viatu vya kufunika ambavyo kwa jicho langu vilikuwa na wiki mbili kabla soli ya kulia haijaachia. Alitusalimu.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu, tulimjibu, mzee Mudathiri akampisha kona kavu.

Alisema anaitwa Nahla, ametoka Mbeya, anatafuta fremu ya kufungulia steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kuandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kwa Esnath alikuwa ameshapita. Kumejaa.

— Kumejaa tangu leo, nilisema, na nikasikia sauti yangu ilivyokuwa.

Jairo alifurahi kupata mtaalamu. Kabla Hezron hajamzuia alimpa zile karatasi.

— Dada, wewe ni mtu wa barua. Hebu tutazamie hii kama imekaa kiofisi.

Nahla alikunja mwavuli, akasoma. Alisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, hela za nje, mali ya Mjerumani, vitu vizito, maji yasiyozoleka, joto la wilaya nyingine, ndoa. Hakucheka, na hakukunja uso. Alisoma kama mtu anayelipwa kwa kusoma. Mwishoni aligeuza karatasi nyuma kuona kama kuna kitu, hakukuwa na kitu, akairudisha.

— Malalamiko yapo, alisema. Lakini barua ya malalamiko lazima imalizike na ombi, la sivyo ofisi wataiweka pembeni. Hapa chini mnaandika "Hivyo basi tunaomba", halafu mnataja. Nipeni kalamu niwamalizie, ni dakika moja tu.

Jairo akampa. Nahla aliegemeza karatasi kwenye begi lake, akaandika "Hivyo basi tunaomba", mwandiko mzuri wa kulala, akanyanyua macho.

— Mnaomba huyo mama afanyweje?

Benchi zima likageukia ng'ambo.

— Yaani, alisema Anyelwisye, kwanza kabisa lile bati.

— Lile linalopitisha mwanga?

— Ndiyo. Lile.

— Niandike, tunaomba aamriwe kuziba bati ili ndani kuwe na giza?

Anyelwisye alilifikiria hilo. Unaweza kumwona mzee mwenye methali mia mbili akizipitia moja moja na kukosa.

— Hapana, alisema. Ukiliandika hivyo linakuwa kama siyo lenyewe.

— Tangi, alisema Jairo. Aliondoe tangi.

— Na maji yaende wapi?

— Yarudi barabarani.

— Barabarani yanakuja kwangu, alisema Hezron haraka. Yatanimalizia ngazi. Tangi liache.

— Sawa. Tangi nimeliacha. Basi ni hayo maganda ya mpunga?

— Hilo la joto tulifute kabisa, alisema Jairo, hatazami mtu.

— Basi kinyozi arudishwe?

Nilisubiri jibu la hilo kuliko la yote. Kama wangesema arudishwe, chumba kingekuwa wazi, na mimi ningekuwa nimekipata kwa barua ya uongo iliyosainiwa na rafiki zangu. Niseme tu kwamba nilitamani waseme ndiyo. Kisha nikamwona Fikirini kule, ana mteja wake wa kwanza kitini, mzee mmoja mwenye kipara cha katikati, ameinamisha kichwa, na Fikirini anamkata taratibu bila ya ile tabia yake ya kumgeuza mtu kila saa kutafuta taa. Nikainama kutafuta uzi wangu.

Mzee Mudathiri alilitikisa birika, akalipindua juu ya kikombe cha Hezron. Yalitoka machicha tu.

— Imeisha, alisema. Leo mmekunywa sana.

Hakuna aliyeinuka. Mvua ilikuwa imepungua, matone makubwa yanadondoka kutoka kwenye nondo. Nahla alikuwa bado amesimama na kalamu juu ya karatasi, mvumilivu, kama mtu ambaye wateja wake wengi huja hawajui wanachotaka.

— Wewe ndiye mwenye barua, baba? alimuuliza Hezron kwa upole. Niambie wewe, nitaandika kama utakavyosema.

Hezron alikiweka kikombe chini. Alitazama ng'ambo, siyo bati wala tangi, alimtazama yule kinyozi.

— Yule alikuwa mpangaji wangu wa kwanza, alisema. Nilimkabidhi ufunguo hata sakafu haijakauka. Tulivua viatu, mimi na yeye, tukaingia peku, tukacheka kwa sababu nyayo zetu zilibaki. Zipo mpaka leo, nyuma ya mlango.

Nahla alingoja kuona kama yanaendelea. Hayakuendelea. Akaitazama karatasi, pale penye "Hivyo basi tunaomba", akamtazama Hezron, na hakuandika chochote, kwa kuwa hilo halikuwa jambo la kuombwa kwa mtendaji.